Jeli ya manjano yenye vibebeo vya nano kwa maumivu ya viungo: mwongozo wa anayeanza, Arusha na Moshi

Maswali ni yaleyale kila mwaka wa masomo unapoanza. Blenda ya nyumbani inafaa? Manjano ya unga ya sokoni yanatosha? Nitajuaje kama nimepata nano kweli na si maji ya njano tu? Na lile linalonipa wasiwasi kuliko yote: naweza kumpa bibi yangu apake magotini? Wanaouliza ni wanafunzi wa famasia na kemia, mafundi sanifu wa maabara, na watu wa tiba asili wenye dawa zao za kuchua wanaotaka kuziboresha. Majibu nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa kazi, uyafuate ukiwa mezani.

Tutatengeneza kitu kimoja tu: gramu 100 za jeli ya kurkumini, yaani kemikali inayoyapa manjano rangi yake, ikiwa imebebwa ndani ya etosomu. Etosomu ni vifuko vya nano, yaani vidogo mno hata hupimwa kwa nanometa (sehemu ya bilioni ya mita), vya lesithini, aina ya mafuta, vinavyoundwa kwenye mchanganyiko wa maji na ethanoli. Timu ya Elka Touitou ya Jerusalem ndiyo iliyoviingiza kwenye sayansi ya dawa za ngozi miaka ya 1990. Nimezichagua kwa sababu hazidai mashine ya shinikizo kubwa, na kwa sababu kurkumini haitaki maji lakini inakubali ethanoli. Vibebeo vingine vya nano, kama niosomu, nanoemalsheni na chembe za mafuta magumu, vina nafasi yake, ila usianze navyo vyote kwa mkupuo.

Msimamo wangu uujue mapema. Kutengeneza vifuko vya nano ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Wengi wanakwama kwa sababu hawajui wameweka kurkumini kiasi gani, na asiyejua alichoweka hawezi kujua kilichoingia kwenye vifuko, kilichooza, wala kilichopita kwenye ngozi. Ndiyo maana hatua ya 3 nimeiandika kwa urefu. Usiiruke.

Nadharia ya kukutosha

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni la seli zilizokufa, na sehemu nyingi za mwili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu. Hata hivyo, hilo ndilo linalozuia. Ukichanganya kurkumini kavu kwenye jeli, itabaki juu ya ngozi na kuishia kwenye nguo. Ethanoli hulegeza mafuta yaliyo katikati ya seli hizo, na kifuko chenye ethanoli ndani yake huwa laini, kinapindika na kujipenyeza.

Goti na viungo vya vidole viko karibu na ngozi. Nyonga iko ndani mno. Usitegemee jeli yoyote ifike huko. Pia jeli ya aina hii inalenga maumivu ya viungo vilivyosagika. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo inahitaji dawa za hospitali, kama methotreksati, na jongo nalo lina matibabu yake. Ushahidi wa kurkumini ya kupaka kwa wagonjwa bado ni mdogo. Unatengeneza kitu cha kuchunguzwa, hujapata dawa bado.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Malighafi:

- Manjano mazima yaliyokaushwa, nusu kilo. Tangawizi ya Same usiiongeze sasa. Itafuata ukishamudu kiungo kimoja.
- Ethanoli ya 96% ya kukamulia, na ethanoli kamili ya kutengenezea etosomu.
- Lesithini ya soya iliyosafishwa, yenye fosfatidilikolini nyingi (sehemu ya lesithini inayounda kuta za vifuko), 90% ikipatikana. Ile ya chembechembe inayouzwa kama chakula ina fosfatidilikolini kidogo, na vifuko vyake havieleweki.
- Propilini glikoli (kiyeyushi), Carbopol 940 (ya kufanya jeli iwe nzito), trietanolamini (alkali ya kupandisha pH) na fenoksiethanoli (ya kuzuia vijidudu), vyote vya daraja la dawa au vipodozi.
- Kurkumini sanifu ya kulinganishia. Miligramu chache zinatosha kwa muda mrefu.
- Maji yaliyotoneshwa.

Vifaa: mizani inayosoma miligramu, kikorogeo cha sumaku chenye kipasha joto, kipimajoto, bomba la sindano la mililita 20 na sindano nyembamba, mita ya pH iliyosanifishwa asubuhi hiyohiyo, bafu la mawimbi ya sauti, spektrofotometa (hupima mwanga unaonyonywa na kimiminika), sentrifyuji (huzungusha sampuli kwa kasi ili mashapo yazame), kivukizi cha kuzunguka, chupa za kioo cha kahawia na foili ya alumini. Vifaa hivi utavikuta kwenye maabara za vyuo, si nyumbani. Kama huna chuo, tafuta mshirika: Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na Moshi kuna chuo cha KCMC. Kipima ukubwa wa chembe ndicho kigumu kukipata, kwa hiyo uliza mapema nani anacho na kama kinafanya kazi, hata kama itabidi sampuli ipelekwe Dar es Salaam.

Neno kuhusu maji, maana hapa kwetu ni suala zito. Maji ya bomba yasiguse kazi hii. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, na yana bikaboneti ya sodiamu inayoyafanya yawe ya alkali. Hao ni maadui wawili kwa pamoja: chumvi inalegeza Carbopol, na alkali inaoza kurkumini. Kuchemsha hakuondoi kimojawapo. Maji ya betri ya vituo vya mafuta nayo yaache; ubora wake huujui, na chupa ya asidi ya betri huwa inakaa rafu hiyohiyo.

Neno kuhusu moto. Ethanoli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye joto la kawaida la chumba. Hakuna jiko la gesi, hakuna mkaa, na blenda ya nyumbani haifai kabisa: mota yake hutoa cheche, inapasha joto, na inajaza hewa kwenye mchanganyiko. Uliza pia ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyopo Arusha, kuhusu usajili wa kemikali unazotaka kuagiza au kutunza.

Hatua za kazi

1. Hakikisha mmea ni wenyewe. Nunua mizizi mizima, iwe Soko la Kilombero, Mbuyuni au kwa mkulima. Unga wa manjano umewahi kukutwa nchi mbalimbali umeongezwa rangi ya viwandani ya metanili, na hata kromati ya risasi. Rangi ya metanili husomeka karibu na kurkumini kwenye spektrofotometa, kwa hiyo kipimo chako kitakudanganya kikikupa majibu mazuri. Ukipata mmea wenye majani, peleka kipande kilichokaushwa vizuri Ngaramtoni kwenye hebaria ya taifa (hifadhi ya sampuli kavu za mimea), chini ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, ambayo wengi bado wanaiita TPRI. Omba namba ya sampuli na uiandike daftarini. Bila namba hiyo, jarida zuri halitaipokea kazi yako.

2. Kamua. Saga gramu 100 za manjano makavu. Loweka kwenye mililita 700 za ethanoli ya 96%, ndani ya chupa iliyofunikwa foili, kwa siku tatu, ukitikisa mara kadhaa kwa siku. Chuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi ya chujio. Vukiza ethanoli kwenye kivukizi cha kuzunguka, bafu lisizidi nyuzi 45. Kitakachobaki ni utomvu mzito wa rangi ya chungwa iliyokolea, wenye mafuta na harufu kali. Uweke kwenye chupa ya kahawia, ndani ya friji. Usiuanike juani ili uharakishe: mwanga unaivunja kurkumini.

3. Pima kurkumini iliyomo. Hapa ndipo kazi yote inaposimama.

Anza na kurkumini sanifu. Tengeneza miyeyusho yenye mikrogramu 1, 2, 3, 4 na 5 kwa kila mililita ya ethanoli, kisha soma kila mmoja kwenye nanometa 425. Chora mstari wa usomaji dhidi ya kiasi cha kurkumini. Usipopata mstari ulionyooka, rudia, usilazimishe.

Sasa chukua miligramu 50 za utomvu, yeyusha kwenye ethanoli hadi mililita 50. Chukua mililita 1 ya hapo, ongeza ethanoli hadi mililita 100. Sasa una mikrogramu 10 za utomvu kwa kila mililita. Soma kwenye nanometa 425. Tuseme mstari wako unaonyesha kuna mikrogramu 2.4 za kurkumini. Maana yake utomvu wako una kurkumini 24%. Kundi letu, yaani kiasi tunachotengeneza kwa mara moja, linahitaji miligramu 100 za kurkumini, kwa hiyo gawanya 100 kwa 0.24: utapima miligramu 417 za utomvu.

Utomvu wa mwezi ujao hautakuwa na 24%. Mizizi ya Tanga, ya Morogoro na ya Kigoma haifanani, na hata ya shamba moja hubadilika kwa msimu. Rudia kipimo hiki kwa kila kundi la utomvu. Ukiandika ripoti, andika "jumla ya kurkuminoidi, zikihesabiwa kama kurkumini", kwa sababu manjano yana kurkuminoidi tatu zinazofanana na spektrofotometa haizitenganishi.

4. Unda etosomu. Vipimo vya gramu 50 za etosomu ni hivi: lesithini gramu 1.5, ethanoli kamili gramu 15, propilini glikoli gramu 5, utomvu wenye kurkumini miligramu 100, na maji ya kujaziliza hadi gramu 50. Kwa mfano wetu wa utomvu, maji ni gramu 28.1. Pima kwa mizani hata vimiminika, maana mililita 15 za ethanoli hazifiki gramu 12.

Lesithini ikitoka friji, acha chupa ifikie joto la chumba ndipo uifungue. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unajikusanya juu yake na uzito utakaopima utakuwa na maji.

Weka lesithini na ethanoli kwenye chupa ya koni, ziba mdomo, koroga kwa mizunguko 700 hivi kwa dakika kwenye nyuzi 30 mpaka iyeyuke yote. Ongeza utomvu, kisha propilini glikoli. Usiendelee mpaka uone kimiminika kimoja kiangavu, chekundu kuelekea chungwa, kisicho na punje. Ukiona punje, chuja na pima upya kurkumini, kwa sababu iliyobaki kwenye chujio haimo tena.

Maji nayo yawe nyuzi 30. Yajaze kwenye bomba la sindano, uyaingize kama uzi mwembamba, mililita 1 hadi 2 kwa dakika, kikorogeo kikiendelea. Matone ya kwanza yatapotea bila alama. Baadaye kimiminika kitaanza kupata ukungu, wekundu utafifia, na mwisho utakuwa na njano yenye ukungu, laini, isiyoacha chembe kwenye kuta za chupa unapoiinamisha. Endelea kukoroga dakika 10 baada ya tone la mwisho, kisha weka kwenye friji.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Ukimimina maji yote mara moja, ethanoli inapungua ghafla, kurkumini inajitoa na kuwa fuwele kabla vifuko havijafungwa. Kosa la pili ni kuacha mdomo wazi. Pima chupa yote, pamoja na sumaku, kabla na baada ya kazi. Uzito uliopungua ni ethanoli iliyovukia, nawe uirudishe. Umeme ukikatika katikati, simamisha sindano papo hapo na ziba. Usiendelee kwa kutikisa na mkono. Ukirudi baada ya dakika chache endelea; ukichelewa sana, anza kundi jipya.

Tengeneza pia makundi mawili ya kulinganishia: moja la etosomu tupu zisizo na utomvu, na jingine la utomvu kwenye ethanoli, glikoli na maji bila lesithini. Bila hili la pili, hutaweza kamwe kusema ni vifuko vilivyosaidia. Mtu atakuambia ni ethanoli tu, na hutakuwa na jibu.

5. Punguza ukubwa. Weka chupa iliyozibwa kwenye bafu la mawimbi ya sauti lenye maji na barafu, dakika 5 kwa awamu, awamu tatu, ukipumzisha katikati. Kama una kifaa cha kusukuma kwenye chujio zenye matundu ya nanometa 200 kisha 100, ni bora zaidi. Kifaa cha mawimbi ya sauti cha kuchovya fimbo ndani kina nguvu, lakini kinapasha moto haraka na humwaga vumbi la titani, ambalo utalazimika kulitoa kwa sentrifyuji.

6. Kagua vifuko. Lenga ukubwa wa wastani chini ya nanometa 200, na kipimo cha mtawanyiko (PDI, kinachoonyesha vifuko vinavyotofautiana ukubwa) chini ya 0.3. Mstari wa mwanga wa leza unaoonekana ndani ya bika hauthibitishi nano. Chembe kubwa nazo hutawanya mwanga.

Unapopeleka sampuli, punguza ukali wake kwa mchanganyiko uleule wa maji na ethanoli uliotumia, ukiwa umechujwa. Kisha mwambie fundi aingize mnato wa mchanganyiko huo, asiache mnato wa maji. Maji yenye ethanoli 30% yana mnato zaidi ya mara mbili ya maji matupu kwenye nyuzi 25, na mashine isipoambiwa itakupa ukubwa uliokuzwa kwa kiasi hichohicho. Wapo waliotupa makundi mazuri kwa sababu ya namba hiyo moja.

Kiasi kilichofungwa ndani ya vifuko kina mtego wake. Vitabu vingi vinakwambia upime kilichobaki huru kwenye maji. Kurkumini huru haibaki kwenye maji, inazama. Zungusha sampuli kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, dakika 10. Mashapo ya njano chini ni kurkumini iliyokosa nafasi: yayeyushe kwa ethanoli, yapime, uyatoe kwenye jumla uliyoipima kabla ya kuzungusha.

7. Andaa jeli tupu. Nyunyiza gramu 1 ya Carbopol juu ya gramu 47 za maji kwa kutumia kichujio cha chai, kidogo kidogo, kikorogeo kikizunguka taratibu. Ukiitupa yote mara moja itafunga madonge yenye unga mkavu katikati, na madonge hayo hayayeyuki tena. Acha usiku kucha. Asubuhi ongeza fenoksiethanoli nusu gramu, kisha trietanolamini tone kwa tone mpaka pH ifike 5.5 hadi 6. Jaziliza maji hadi gramu 50.

Fanya haya kabla ya kuingiza etosomu. Kurkumini ni kiashiria cha alkali: tone la trietanolamini likiangukia kwenye jeli ya njano utaona duara jekundu linasambaa pale lilipotua. Wekundu ule ni kurkumini iliyoanza kuharibika.

8. Changanya. Ingiza gramu 50 za etosomu kwa mafungu matatu, ukikoroga kwa pala, mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika. Ukikoroga kwa nguvu, nyuzi za Carbopol zinakatika na jeli haitarudi. Funika, acha usiku mmoja mapovu yapande. Jeli yako sasa ina kurkumini 0.1%, Carbopol 1% na ethanoli 15%.

9. Pima jeli. pH kwanza: gramu 1 kwenye mililita 10 za maji. Kisha chota sampuli juu, katikati na chini ya chombo, upime kurkumini kila moja. Zikitofautiana, hujachanganya vizuri.

Upenyaji hupimwa kwenye seli ya Franz, chombo cha kioo ambamo ngozi hutenganisha jeli iliyo juu na chumba cha kupokelea kilicho chini, ngozi ikiwa nyuzi 32. Ngozi ya sikio la nguruwe inakaribiana na ya binadamu. Moshi na Arusha haikosekani. Shida ni maji ya moto anayomwagiwa mnyama ili anyolewe manyoya, kwani yanaharibu lile tabaka la juu. Mwombe mchinjaji akukatie sikio kabla hajamwaga maji.

Kwenye chumba cha kupokelea usitumie bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya pH 7.4 kwa mazoea. Kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7.2, nyuzi 37, karibu 90% ya kurkumini huoza ndani ya nusu saa. Utasoma sifuri, udhani haikupita, kumbe ilipita ikaozea mle. Tumia bafa ya pH 6 yenye Tween 80 (kisaidizi cha kuyeyusha) 1% na ethanoli kiasi kisichozidi 20%, na uhakikishe kwanza kwamba kurkumini inadumu humo kwa muda wote wa jaribio.

10. Tunza na fuatilia. Jaza kwenye tyubu za alumini. Weka nyingine nyuzi 4, nyingine joto la chumba, nyingine nyuzi 40 na unyevu 75%. Pima pH, kurkumini, mnato na ukubwa wa vifuko wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Joto la chumba liandike kila siku. Moshi ya Februari na Arusha ya Julai si chumba kimoja.

Mambo yakienda kombo

*Jeli ni nyepesi na inatiririka.* Angalia pH. Chini ya 5 Carbopol haijafunguka vya kutosha. Kama pH iko sawa, shaka inahamia kwenye chumvi: maji yasiyotoneshwa, au utomvu uliokamuliwa kwa maji badala ya ethanoli.

*Rangi imegeuka chungwa iliyokolea au kahawia.* pH imezidi 7, au uliongeza trietanolamini mwishoni. Kundi hilo halirekebishiki kwa asidi, kilichooza kimeoza.

*Njano inafifia kila wiki.* Mwanga. Hamia kwenye alumini.

*Mashapo ya njano yanaonekana baada ya siku chache.* Kurkumini ni nyingi kuliko lesithini inavyoweza kubeba. Punguza hadi miligramu 75, au ongeza lesithini hadi gramu 2. Badilisha kimoja kwa wakati.

*Ukubwa ni mzuri siku ya kwanza, siku ya 30 umepanda mara tatu.* Mara nyingi ethanoli imevukia kwenye kifuniko kilicholegea, au vifuko vinagandana. Pima uzito wa tyubu kabla hujalaumu lesithini.

*Harufu ya mafuta yaliyochacha.* Lesithini imeoksidika. Ilikaa nje ya friji, au chupa ilifunguliwa mara nyingi mno. Nunua chupa ndogo.

*Seli ya Franz inaonyesha jeli isiyo na vifuko imepita zaidi ya yenye vifuko.* Kagua kwanza kama ngozi ina tundu. Kama haina, na majibu yanajirudia, yaandike hivyohivyo. Ni matokeo halali, na atakayefuata anayahitaji.

Kuhusu kumpaka mtu

Bibi asipake. Najua anaumwa, na najua jeli inanukia vizuri na inaonekana salama. Lakini hujapima vijidudu, hujapima risasi, na ethanoli 15% inawasha kwenye ngozi yenye mchubuko. Hatari kubwa zaidi ni kwamba ataacha dawa alizoandikiwa. Goti lililovimba ghafla, lenye joto kali, na mgonjwa ana homa, linaweza kuwa na usaha ndani. Huyo anatakiwa hospitali siku hiyohiyo.

Kupima kwa watu, hata muwasho tu kwenye mkono wa rafiki aliyejitolea, kunahitaji kibali cha maadili ya utafiti. Kamati ya chuo chako ndiyo mlango wa kwanza, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Jaribio la tiba kwa wagonjwa linapita pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukitaka kuuza kama dawa ya asili, usajili ni kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wengine hufikiri watakwepa kwa kuiita kipodozi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na kopo likiandikwa "inatibu magoti" halihesabiki tena kuwa kipodozi.

Kwenye maombi ya kibali ambatisha namba ya hebaria, mstari wa kurkumini sanifu, asilimia ya kurkumini kwenye utomvu wa kundi husika, ukubwa wa vifuko pamoja na mnato uliotumika, matokeo ya makundi mawili ya kulinganishia, kipimo cha vijidudu na cha metali nzito, na uthabiti wa miezi mitatu. Weka nakala za daftari, si muhtasari. Wajumbe huuliza kuhusu kundi namba fulani, nawe unatakiwa uweze kufungua ukurasa wake.